Bonyeza Ndiyo

Lupepo, Tukuyu
11 Februari 2024

Ambilikile,

Ni mimi Prisca, mdogo wake Obed. Sikuandikii kwa sababu nimekusamehe. Nakuandikia kwa sababu kuna swali moja ambalo nimezunguka nalo Tukuyu nzima na hakuna aliyeweza kulijibu.

Obed yu hai. Miguu haijarudi, na daktari alishasema haitarudi. Mkono wa kushoto ni mzima, wa kulia una vidole viwili tu vinavyokunjika, navyo havina nguvu. Haya unayajua. Ulipokuwa nje kwa dhamana ulikuwa unakuja kila Jumamosi kukaa naye, na ndipo ulipomtengenezea ile mashine ya gemu ya mkononi. Vitufe vyote vya kulia ukavihamishia kushoto, na ndani ukaichakachua ili ikubali gemu ambazo kampuni yake haizikubali. Mama alikuwa anakupikia ndizi. Tulidhani unatubu.

Mashine hiyo ndiyo kazi yake na matembezi yake. Ana timu ya mpira humo ndani, sasa iko msimu wa kumi na moja. Wachezaji wote amewapa majina ya vijana wa Lupepo. Yeye mwenyewe amejiweka winga ya kushoto. Ukimkuta anacheza, anakuambia, "Prisca, tazama ninavyokimbia."

Sasa tangu Krismasi kila ikiwashwa inaleta maandishi kwamba kuna mfumo mpya, je, tunataka kuuweka? Kuna Ndiyo na kuna Baadaye. Tumekuwa tukibonyeza Baadaye. Lakini siku hizi inapata moto na kuganda katikati ya mechi. Halafu binamu yetu Emmanuel ametuma gemu jipya kutoka Dar, nalo linakataa kufunguka mpaka mfumo uwe mpya. Obed analitaka sana. Fundi mmoja pale sokoni kaniambia niapdeti tu, uzee wa mfumo ndio unaoichemsha. Mwingine aliifungua, akaitazama, akaifunga, akasema, "Dada, aliyeichezea hii ndiye wa kuulizwa."

Nawe ulimwambia Obed asibonyeze chochote kabla hajakuuliza. Basi nakuuliza mimi. Ndiyo, au Baadaye?

Obed hajui kwamba nimeandika. Mama akijua atanifukuza nyumbani. Jibu lako lipitie kwa mwinjilisti wa kanisa letu. Jibu swali tu, mengine usiandike.

Prisca Mwaipaja


Gerezani, Mbeya
3 Machi 2024

Mdogo wangu Prisca,

Ugonile. Najua hutaki salamu, lakini mtu hawezi kuingia kwenye nyumba ya watu bila kubisha hodi, hata kama nyumba yenyewe ni karatasi.

Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa, kama zinavyofunguliwa zote. Askari wa getini alisoma ule mstari wa kwanza kwa sauti mbele ya wenzangu, wa kwamba hujanisamehe, wakacheka, kisha akanipa. Sikujali. Ni barua ya kwanza tangu niingie humu. Nimeikunja nimeiweka ndani ya shati.

Mimi mzima. Asubuhi tunalima mahindi, mchana nyampara wetu ananiruhusu nitengeneze redio za askari, kwa hiyo mikono yangu haijasahau kazi. Umeniandikia habari za Obed na winga yake ya kushoto, nikacheka, kisha nikatoka nje kidogo.

Kuhusu mashine: si jambo la kujibu harakaharaka. Nililoweka mle ndani nililiweka kwa mkono wangu, hakuna fundi mwingine atakayelijua, na lazima nikumbuke nilivyolipanga. Nitakujibu. Lakini kwanza nifanyie jambo moja.

Nenda Kisiba kwa mama yangu. Unapajua, nyumba ya mwisho kabla ya njia ya kushukia ziwani, uliza kwa Ikupa. Hajui kuandika. Alikuja kuniona mwezi wa nane, akiwa na kikohozi ambacho sikukipenda, na tangu hapo kimya. Mwambie nakula, sipigwi. Msikilize anavyopumua. Kisha uniandikie ulichokiona, hata kama ni kibaya. Mtu wa humu akifichwa habari za nje, anabaki kuzitunga mwenyewe, na anazozitunga ni mbaya kuliko za kweli.

Utasema nakuuzia jibu. Ni kweli, nauza. Sina kingine cha kuuza.

Na Obed huwa anasema nini juu yangu?

Kwa sasa endelea kubonyeza Baadaye.

Ndimi kaka yako,
Ambi


Lupepo
12 Machi 2024

Ambilikile,

Nimekwenda Kisiba juzi Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta mama yako barazani anapukuchua maharage. Amepungua kidogo lakini ana nguvu, na kikohozi kimekwisha. Alifurahi sana kusikia unakula. Amesema usali, usigombane na watu, na siku zitakwisha. Alitaka kunichinjia kuku, nikakataa kwa sababu ya mvua. Akanifungia ndizi mbivu nikarudi nazo.

Nimefanya ulichotaka.

Obed hasemi lolote juu yako. Jina lako likitajwa anaongeza sauti ya gemu.

Jana mashine iliganda mara nne. Mara ya nne alikuwa mbele ya goli, akaitupa kwenye blanketi, akalia, mtu mzima wa miaka ishirini na minne. Mimi niliacha chuo cha ualimu ili nimhudumie, na siwezi kumpa kitu kingine zaidi ya hicho. Niambie nibonyeze nini.

Prisca


Gerezani, Mbeya
24 Machi 2024

Mpendwa Prisca,

Ndaga fijo. Ahsante sana kwa kupanda mpaka Kisiba kwenye mvua zile. Barua yako nimeisoma mara tatu. Pale penye maharage nimepasoma zaidi. Sikujua kwamba mama bado ana nguvu za kukaa barazani akapukuchua maharage, na nimefurahi kwamba kikohozi kimekwisha. Umenituliza moyo. Mtu aliyetulia hukumbuka vizuri, na sasa nimeshakumbuka kila kitu nilichokiweka kwenye ile mashine.

Yule fundi wa sokoni alikuambia kweli. Inachemka kwa sababu mfumo ni mzee. Fanya hivi. Ichaji mpaka ijae kabisa, na uiache kwenye waya. Iunganishe na intaneti ya simu yako. Yale maandishi yakija, bonyeza Ndiyo. Itakuuliza mara ya pili kama una hakika. Bonyeza Ndiyo tena. Utaona mstari unajaa polepole. Usiizime, hata ikikaa saa nzima, hata kioo kikiwa cheusi.

Usiogope juu ya timu yake. Misimu yote kumi na moja itabaki, na vitufe vitabaki kushoto kama nilivyovipanga. Gemu la Emmanuel litafunguka.

Fanya wewe mwenyewe, usimwachie Obed. Kazi hii inataka kidole kinachotulia.

Msalimie.

Ambilikile


Lupepo
14 Aprili 2024

Ambilikile,

Niliandika hatua zako kwenye karatasi nyingine nikazifuata moja moja.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nikamwambia Obed, "Leo tunaiapdeti, utacheza gemu la Emmanuel." Akauliza nani kasema iko salama. Nikasema fundi. Akanyoosha mkono wake wa kushoto abonyeze, nikauondoa, nikasema, "Acha, hii inataka kidole kinachotulia." Akacheka. Nikabonyeza Ndiyo. Nikabonyeza Ndiyo ya pili.

Mstari ulijaa. Kioo kikawa cheusi kama ulivyosema, tukangoja. Mama alikuwa ameleta ugali, akaketi naye akangoja. Ilipowaka ilikuja picha ya kampuni, ile ambayo wewe ulikuwa umeiondoa, halafu maandishi mekundu. Nimeyatafsiri kwa kamusi. Yanasema mashine hii imebadilishwa kinyume cha masharti na imefungwa. Hakuna Ndiyo, hakuna Baadaye. Hakuna cha kubonyeza kabisa. Niliizima, nikaiwasha, yakaja yaleyale.

Obed alisema, "Jaribu tena." Nilijaribu mpaka jua likaanza kushuka. Kisha akasema, "Prisca, timu yangu iko wapi?"

Nimekwenda nayo kwa mafundi wote. Yule aliyekuwa amekataa kuigusa aliitazama tu, akasema, "Nani amekuambia uiapdeti? Anayezijua hizi hawezi kukuambia hivyo."

Wiki ya kwanza Obed hakusema kitu. Jumapili nikashindwa kuvumilia, nikamwambia kwamba niliandika kwako na wewe ndiye uliyesema nibonyeze. Nilidhani atakutukana. Akaniuliza, "Ambi mwenyewe? Kwa mkono wake?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tumelingana," akageuza uso ukutani. Toka siku hiyo hali chakula vizuri.

Nataka mambo mawili kutoka kwako. Ulikosea, au ulijua? Na kulingana huko ni kulingana kwa nini? Wewe ulimvunja mgongo kwa pikipiki yako. Ulimuua Veronika na kapu lake la chai mgongoni. Obed alikukosea nini?

Prisca


Gerezani, Mbeya
28 Aprili 2024

Prisca,

Nilijua. Nilijua kabla sijaandika neno la kwanza. Mashine ile ukiipa mfumo mpya inajifunga, na ikijifunga hata aliyeitengeneza hawezi kuifungua. Ndiyo maana nilimwambia Obed aniulize kwanza.

Mama yangu alikufa tarehe kumi na nne Februari, siku tatu baada ya wewe kuandika barua yako ya kwanza. Mjomba Asajile alikuja kunieleza tarehe kumi na saba Machi. Alikuwa amechelewa kwa sababu mvua zilikata njia. Aliniambia wanaume sita walimbeba wakiteleza kwenye tope, na kwamba mwishoni alikuwa hawezi kukaa bila kuegemezwa. Siku tatu baadaye nikapewa barua yako. Umemwona barazani. Anapukuchua maharage. Anataka kukuchinjia kuku.

Hukuwahi kufika Kisiba. Ungefika, ungeliona kaburi bichi na ungeniandikia kwamba nimefiwa, nami ningekuambia bonyeza Baadaye mpaka mwisho wa dunia. Ningekuandikia kurasa kumi za namna ya kuizuia isipate moto. Nilikuwa nimeshaanza kuziandika.

Sasa swali lako la pili. Nimelinyamazia mwaka wa pili huu na sasa sioni sababu.

Siku ile aliyekuwa anaendesha pikipiki ni Obed.

Nilikuwa nyuma. Hakuwa na leseni, aliniomba ajifunze, nikamwachia mpini kuanzia pale mashamba ya chai yanapoanza. Tulipokata kona Veronika alikuwa anavuka. Obed alishika breki zote mbili. Mimi nilitupwa kwenye chai, chai ikanipokea, nikainuka bila hata mchubuko. Wao wawili hawakuinuka.

Hospitali daktari alinivuta pembeni akaniambia huyu hatafika Jumapili. Polisi wakauliza nani alikuwa anaendesha. Nikasema mimi. Nilifikiri, mtu anayekufa azikwe na jina safi, na mama yake asiambiwe kwamba mwanawe ameua mke wa jirani. Nilidhani ni zawadi ya siku nne.

Lakini Jumapili ikapita na Obed akaishi.

Nilikuja kwenu kila Jumamosi. Nilikaa kwenye kile kiti cha kamba nikimchomea waya za vitufe, nikingoja aseme, "Ambi, nitawaeleza." Hakusema. Sikumwomba. Unamwombaje mtu ambaye hawezi hata kujigeuza? Siku ya kesi mama yenu Esnath alisimama akasema siku ya ajali nilikuwa nanuka pombe. Nilimtazama, nikajua hadanganyi kwa makusudi, ameamini tu anachotaka kuamini. Obed aliletwa kwa gari, akalazwa kwenye benchi la nyuma. Alisikia yote. Aliinamisha macho kwenye mashine yangu.

Muulize. Kama atakataa, basi niite mwongo. Kama atakubali, aandike, aweke saini, upeleke kwa mtendaji wa kata. Mimi nikisema humu ndani wananicheka, maana humu hakuna mfungwa aliyetenda kosa. Neno lake peke yake ndilo litakalosikika.

Sijaomba radhi kwa mashine. Nimejaribu kujuta na sijaweza bado.

Ambilikile


Lupepo
16 Juni 2024

Ambilikile,

Obed amefariki Ijumaa, tarehe saba. Tumemzika Jumapili.

Nakueleza kwa utaratibu ili usije ukadhani kuna kitu nimekificha.

Barua yako niliisoma peke yangu jikoni. Mama alipokwenda kuchuma chai nikaenda kukaa kitandani kwa Obed. Nikamuuliza, "Nani alikuwa anaendesha?" Hakushtuka. Akasema, "Amekuambia?" Nikasema amenieleza. Akasema, "Mimi."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Kila Jumamosi nilingoja aniambie niseme. Angesema neno moja ningesema. Alikuwa anakuja, anatengeneza, anaondoka. Nikaona labda ameamua kunibebea. Halafu mama akaenda kule mbele akasema vile, na nikajua kwamba nikifungua mdomo ninamfanya mama kuwa mwongo mbele ya watu wote."

Kisha akaomba karatasi. Alitumia asubuhi mbili kuandika kwa mkono wa kushoto. Yalitoka maneno machache, makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza: kwamba yeye ndiye aliyeendesha, kwamba yeye ndiye aliyemgonga Veronika, kwamba wewe huna hatia. Akaweka saini. Akaniambia, "Peleka kwa mtendaji leo." Nikamwambia nitapeleka Jumatatu. Jumatatu nikamwambia mtendaji amesafiri. Hakuwa amesafiri.

Kilichomuua ni vidonda vya mgongoni. Daktari amesema vilikuwa vimeingia mpaka mfupani na damu ikachafuka. Siwezi kusema wewe ndiye uliyevileta. Nakueleza tu tulivyokuwa tunaishi. Kumgeuza kulikuwa kunamuuma sana, na alikuwa anakubali kwa masharti: tungoje mapumziko ya mechi. Ikiisha nusu ya kwanza anasimamisha gemu, anasema, "Haya, jamani," mimi na mama tunamgeuza, anaendelea na kipindi cha pili. Hivyo kila mechi, kwa mwaka mzima na zaidi. Mashine ilipokufa akakataa kuguswa. Tulimgeuza kwa nguvu siku za mwanzo, akipiga kelele, mpaka mama akasema tumwache apumzike. Mwezi mmoja ulitosha.

Sikwenda Kisiba. Hilo umelisema sawa. Jumapili ile Obed alikuwa ameharisha na shuka zote zilikuwa za kufua, mvua inanyesha, na mama yako hakuwa mtu wangu. Nikaona, mzee yupo tu, maneno mazuri hayamdhuru mtu. Nisingejua kwamba amekufa hata ningeota. Pole kwa kufiwa. Nasema pole hiyo kwa moyo, maana sasa najua inavyokuwa.

Lakini tazama tofauti yetu. Mimi nilidanganya kwa maneno, na ningeweza kuomba radhi kwa maneno. Wewe ulikuwa na hasira na mimi, ukamchagua yeye. Na hukutaka hata afanye mwenyewe. Ulitaka kidole changu. Uliandika "kidole kinachotulia" na nikajisifu nacho mbele yake, akacheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia, na nilikipata kwa maneno yako.

Kaburi lilichimbwa na vijana wa hapa, na aliyewaongoza ni Godwin, mume wa Veronika. Alikuja kwa hiari yake, akashika jembe tangu asubuhi. Alipomaliza aliketi kwenye udongo akalia kama amefiwa na mdogo wake. Aliniambia, "Huyu kijana na mke wangu waliumizwa na mtu mmoja." Nilikuwa na karatasi ya Obed ndani ya kanga, ikinigusa mbavuni. Nilimtazama Godwin mikono yake ilivyojaa tope la kaburi lile. Nikasema, "Ni kweli, kaka."

Kabla ya jeneza kufungwa niliomba dakika moja na marehemu. Niliiweka karatasi chini ya mkono wake wa kushoto. Mafundi wakapiga misumari.

Kwa hiyo sasa tunaojua ni wawili. Wewe ukisema, utasema peke yako, na marehemu hajibu. Mimi nikiulizwa, hata ukiwaonyesha barua hii, nitasema si ya mkono wangu na sijui unachozungumza. Mama ataendelea kuamini alichokisema mahakamani, naye hana haja ya kujua kingine, ameshazika mtoto. Kifungo chako kimalize. Ulikianza kwa ajili ya Obed. Hakuna mtu mwingine wa kukipunguza.

Usidhani nimeandika haya kwa hasira. Ni mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mama amelala kidogo, na mkono wangu umetulia.

Wiki ijayo naondoka Lupepo. Nimemwambia mwinjilisti kwamba barua yoyote itakayokuja kwa jina langu ampe mama. Ukitaka kuandika, andika. Mama hajui kusoma, kuni zetu ni mbichi, na asubuhi huwa anatafuta karatasi ya kuwashia moto.

Prisca